Nani Anawalisha Samaki wa Marehemu?

"Umemuua!"

Mume wangu alinirushia samaki miguuni. Samaki mzima, mrefu kama mkono wangu, wa baridi, macho wazi... Alinidondokea juu ya ndala nikaruka huku napiga kelele.

"Nimemuua nani? Umechanganyikiwa?"

"Usinifanye mjinga! Tazama tumbo!"

Tumbo lilikuwa limevimba limekaza. Akachukua kisu cha jikoni akalipasua palepale kwenye sakafu ya veranda. Jamani, ile harufu! Ndani kulikuwa na mkate. Mkate uliolowa, ukaoza, ukashikana kama udongo.

"Nani anakata mkate ndani ya nyumba hii?"

Anayekata mkate ni mimi.

"Bi Mkubwa naye akifa," akasema, sasa kwa sauti ya chini kabisa, "wewe hapa hukai."

Msinicheke, ila Bi Mkubwa ni samaki.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi ni msusi, na mume wangu ni fundi wa lifti. Aliponioa alikuwa mjane. Mke wake wa kwanza alikuwa na bwawa uani, na ndani yake samaki wa mapambo wale wanaoitwa koi, weupe, wekundu, wa dhahabu, wazuri mpaka unasahau umetoka nje kufanya nini. Bi Mkubwa alikuwa mweupe mwenye doa jekundu kichwani. Marehemu alimlea tangu akiwa mdogo kama kidole.

Kwa hiyo mwenzenu niliolewa nikakuta Bi Mkubwa yupo, ana mapezi, na anapendwa kuliko mimi. Nilizoea. Nikawa nataniana naye kila asubuhi, "Shikamoo Bi Mkubwa, bwana wetu kaamkaje?"

Na kazi yao niliijua, msije mkafikiri nilikuwa mvivu. Mume wangu alinifundisha kama alivyofundishwa na marehemu. Wakati wa joto maji yanaishiwa hewa, kwa hiyo pampu haizimwi na kivuli lazima kiwepo. Majani yakianza kupukutika unatandika wavu juu ya bwawa, la sivyo yataozea chini. Maji ya bomba unayaacha kwenye pipa kwanza mpaka dawa itoke, ukiyamwaga moja kwa moja unawaunguza mashavu wanayopumulia.

Na baridi ikiingia... hapo ndipo penyewe.

"Baridi ikiingia, usiwape chochote," alinambia. "Wanashuka chini wanatulia. Tumbo lao linalala. Ukiwapa chakula watakula, maana samaki hajui kukataa. Lakini hakisagiki. Kinaozea humo humo."

"Hata kidogo?"

"Hata punje."

Basi baridi ilipoingia, nikafungia ndoo ya chakula stoo. Sikuwapa hata punje, haki ya Mungu!

Sasa mkate umetoka wapi?

Ndani ya nyumba tulikuwa watatu tu. Mimi, mume wangu, na Mama. Huyu Mama si mama yangu wala si mama yake. Ni mama wa marehemu. Alikuja kumuuguza binti yake, binti akafa, na yeye akabaki kwenye chumba cha nyuma. Nani angemfukuza? Alikuwa mzee, mkimya, anatembea kwa kushika ukuta. Hata kwenda bafuni nilimshika mkono.

Siku ile ya samaki aliyepasuliwa, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, blanketi magotini. Aliona yote. Nilimgeukia nikasema, "Mama, wewe si unanijua? Mwambie!"

Mama alitazama sakafu hakusema kitu. Nikadhani ameogopa zile kelele.

Asubuhi iliyofuata, alfajiri, mume wangu ameshatoka kwenda zamu, nikasikia sauti uani.

Pa... pa... pa...

Kiganja kinapiga maji, taratibu, kwa mapozi. Ile sauti niliijua kwa kusimuliwa. Ndivyo marehemu alivyokuwa akiwaita samaki wake!

Nikasogeza pazia. Ukungu ulikuwa mzito. Na pale kwenye kona ya bwawa, penye jiwe bapa, kulikuwa na mtu ameinama. Amevaa koti la mvua la njano, kofia imefunika uso wote.

Nyie... lile koti lilikuwa la marehemu.

Lilining'inia nyuma ya mlango wa uani tangu alipokufa na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Siku ya kwanza kuhamia nilitaka kulifua, mume wangu akaninyang'anya mkononi.

Nikajifunika shuka gubigubi kama mtoto. Nilipopata ujasiri wa kutoka, uani hakukuwa na mtu. Koti lipo nyuma ya mlango, mahali pake.

Nikaligusa.

Limelowa! Na mvua haikunyesha.

Siku hiyo kule saluni nilimsuka mteja mistari ikaenda upande, mpaka akauliza, "Dada, leo upo kweli?" Sikuwepo. Akili yangu ilikuwa kwenye lile koti.

Kichwani mwangu nikawa nimeshapata jibu, eti ni mume wangu. Anazuga anakwenda kazini, anarudi, anavaa koti la mke wake, anacheza na samaki wake, halafu lawama ananibebesha mimi. Aliporudi tu nikamvaa.

"Kumbe ni wewe unayevaa koti la marehemu!"

Akasimama na soksi moja mguuni.

"Koti gani?"

"Usijifanye hujui! Nimekuona kwenye bwawa. Nimeligusa, limelowa!"

Uso wake ukabadilika. Akakaa kitandani polepole.

"Na wewe umeliona?" akauliza.

"Unasemaje?"

"Nimeliona mara nyingi. Kupitia dirisha la bafuni, kabla sijatoka. Nilijua ni wewe, umelivaa kunikomoa..."

Tukatazamana. Mwanaume mzima, kila siku ananing'inia kwenye shimo la lifti bila wasiwasi, leo anavuta pazia lisibaki hata upenyo.

"Kama si wewe," nikasema, "na si mimi..."

"Usimalize," akanikatisha.

Na mimi sikumaliza. Kuanzia hapo tukawa tunapita mlango wa uani mbio mbio kama tunafukuzwa.

Mngedhani hapo angeniomba radhi. Wapi! Kesho yake Bi Mkubwa alionekana anaelea kiubavu, anafungua mdomo na kuufunga. Mume wangu aliingia chumbani akashusha begi langu kutoka juu ya kabati, akaliweka kitandani.

"Nimefikiria," akasema. "Mzimu haukati mkate."

Roho iliniuma jamani. Niliondoka kwetu naringa kwamba nimeolewa na mtu mpole. Leo napangiwa begi kwa ajili ya samaki! Na nilikuwa nampenda, hilo sifichi. Nilipenda ile nyumba, nilimpenda hata yule Mama asiyeongea. Nilimbeba kama mama yangu. Alipokuwa hali kabisa, mimi ndiye niliyemhangaikia mpaka sahani ya chai na mkate ikaanza kurudi tupu. Nilifurahi sana, nikawa namwongezea vipande.

Nililala na nguo zangu zimeshakunjwa. Nikajiambia, naondoka, lakini siondoki na jina la muuaji. Kama ni mzimu, utanieleza.

Alfajiri ikaja na ile sauti.

Pa... pa... pa...

Nilimpiga kiwiko mume wangu. "Amka. Amekuja."

"Usiende!"

Nilikwenda peku. Majani yana umande, miguu inaganda, meno yanagongana. Yule mtu alikuwa palepale kwenye jiwe, ameinama, ananipa mgongo. Maji mbele yake yalikuwa yanachemka samaki. Katika baridi ile, walipotakiwa kulala chini, walikuwa wamepanda wote, midomo wazi, wanagombania!

Nikamkamata kwa nyuma, mikono yote miwili.

Na pale pale nikajua huyu si mzimu. Ndani ya lile koti kulikuwa na mifupa. Mabega membamba mno, mepesi, yanatetemeka kwa baridi. Nikavuta kofia.

Alikuwa Mama.

Kumbe alikuwa amefuata ukuta mpaka bwawani. Mkononi ameshika vipande vya mkate. Mkate wangu. Ule niliodhani anakula.

"Mama..."

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa mazungumzo.

"Wanakuja," akasema. "Nikivaa hili koti, wanakuja. Nisipovaa hawanitambui."

"Mama, unawaua! Wakati wa baridi hawalishwi!"

"Najua. Alinifundisha mwenyewe, mwenye koti hili."

"Sasa kwa nini?"

"Walishuka chini wote," akasema. "Naita, hawaji. Bwawa limenyamaza kama siku ile tumetoka kumzika. Nikasema kipande kimoja tu... waje mara moja tu. Wakaja. Kesho yake nikashindwa kuacha."

Mume wangu alikuwa amefika nyuma yangu na blanketi begani. Alisikia kila kitu.

Mimi nikawa nimewaka. "Na mimi je? Nilitukanwa mbele yako! Begi langu liko kitandani, ulikaa kimya unatazama!"

Mama akanyoosha mkono wake wenye baridi, akanishika kidevu.

"Nilikuwa nataka uondoke," akasema. "Si kwa ubaya. Umenitunza vizuri sana. Lakini kiti chake mezani unakalia wewe. Kikombe chake unanywea wewe. Nilitaka nafasi yake ibaki wazi kidogo. Hakuna aliyeiacha hata ikapoa."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimvua lile koti, chini yake alikuwa na gauni la kulalia tu, nikamfunga blanketi, tukambeba ndani. Alikuwa mwepesi mpaka mume wangu akaanza kulia akiwa amembeba. Samaki walikuwa wanavimba, na yeye alikuwa anaisha kwa njaa.

Mume wangu alirudisha begi juu ya kabati mwenyewe.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe. Si leo."

"Sawa," akasema. Akasimama tu pale, hajui mikono aiweke wapi.

Tulimhamishia Bi Mkubwa kwenye beseni kubwa gereji, na pampu ya hewa, na chumvi kidogo, tukaacha maji yapande joto polepole ili tumbo liamke. Mama naye nilimlisha kwa mkono wangu, nakaa hapo hapo mpaka ameze. Wagonjwa wawili ndani ya nyumba, na sikujua yupi ataniponyoka kwanza.

Wengine kwenye bwawa walishuka chini wakatulia. Tulimpeleka Mama akae pale kila siku jua likitoka, mikono mitupu. Aliita. Hawakuja. Aliita tena, akatazama maji matupu. Ilikuwa inaniuma kuangalia.

Majira yakageuka. Maji yakapata joto, nikaanza kuwapa chakula, kiduchu kwanza. Bi Mkubwa alirudi bwawani akiwa mzima, ingawa tangu hapo akila anakula peke yake, pembeni.

Siku moja mchana kweupe Mama akanambia, "Nenda kachukue lile koti."

"Mama, tulikubaliana hulivai tena..."

"Si kwa ajili yangu. Vaa wewe. Nikuone mara moja."

Nywele zilinisimama jamani! Lakini alikuwa anatazama kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nikalivaa. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwangu, na kwenye kola kulikuwa na harufu ya sabuni ambayo mimi situmii. Nikasimama kwenye jiwe, nikainama, nikapiga maji. Pa... pa... pa...

Wakaja wote.

"Geuka," akasema Mama.

Nikageuka. Alinitazama... alinitazama mpaka nikasahau kuhema. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Si yeye," akasema.

Nikashusha mikono.

"Si yeye," akarudia. "Mwanangu amekufa."

Hapo ndipo alipolia. Kumbe hakuwa amelia msibani, hakuwa amelia arobaini, hakuwa amelia kabisa. Alilia mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nilipiga magoti nikamshika, naogopa kabisa kwamba atavunjika.

Alipotulia alijifuta kwa kiganja, akanitazama tena, sasa mimi mwenyewe. Akaanza kunifungua vifungo vya lile koti, kimoja kimoja.

"Vua, mwanangu," akasema. "Jua hili, utaugua bure."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Ndugu zangu mnaonisoma, yupo mtu wa aina hii kwenu. Mnaona sahani imerudi tupu, mnasema mgonjwa wetu ameshapoa, maisha yaendelee. Usiangalie sahani. Kaa naye umwone akimeza. Na kama umeingia nyumba iliyofiwa, usikimbilie kukalia kila kiti. Kuwa na subira, mwache mwenye msiba amtafute mtu wake mpaka akubali mwenyewe kwamba hayupo.