Aliyebaki Kwenye Dungu

Mpaka leo sijui ni nani tuliyerudi naye nyumbani siku ile ya kuvuna mpunga. Dada yangu Annonciata anasema ni mwanawe, na mama ana haki ya kusema hivyo. Sijawahi kubishana naye. Lakini mimi ndiye niliyeshinda na mtoto shambani karibu miezi miwili. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua, ni mimi.

Ilikuwa mwaka 1996, Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi tuliotoka Burundi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, nikaletwa kwa dada nimsaidie. Yeye na mumewe Siméon walilima tumbaku na mahindi kama kila mtu, na bondeni walikuwa na kipande cha mpunga. Mpunga ukianza kuweka punje, ndege hushuka kama moshi. Kwa hiyo katikati ya shamba Siméon alijenga dungu, kichanja kirefu cha miti chenye ngazi na paa la nyasi. Kutoka pale alitandaza kamba nne, moja kila upande, zenye makopo matupu. Ukivuta kamba makopo yanalia, ndege wanaruka. Kazi yenyewe si ngumu, ila inaanza jua likichomoza na kuisha likizama.

Nililinda na Agape, mtoto pekee wa dada. Alikuwa na miaka mitano.

Wiki ya pili nikamsikia anaongea peke yake.

"Unaongea na nani?"

"Na Libérat."

"Libérat gani?"

"Wa hapa chini ya dungu. Hana kwao."

Jioni nilimweleza dada. Alikuwa anatunga majani ya tumbaku kwenye kamba, akacheka. "Mwache mtoto acheze. Hata mimi nilikuwa na wangu kule Burundi. Tulipokimbia nikamsahau hukohuko."

"Kama yupo kweli," Siméon akasema, "mwambieni aje alime."

Tukacheka wote. Agape hakucheka. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kama mtu atakayepeleka habari mahali.

Sasa niseme kosa langu. Juu ya bonde palikuwa na nyumba ya akina Générose, na kwa Générose kulikuwa na redio na wasichana wa rika langu wakisukana nywele. Kutoka pale shamba huwezi kuliona, lakini makopo unayasikia. Nikaanza kupanda huko mchana, kwanza kidogo, halafu saa nzima, halafu mpaka alasiri. Kila nikiondoka nilimwambia Agape neno lilelile: "Si peke yako, una Libérat. Nyie wawili mlinde."

Walilinda vizuri. Makopo hayakunyamaza. Siku moja, nimekaa kwa Générose kichwa kimesukwa nusu, nikayasikia yanalia pande zote nne kwa pamoja. Nikahesabu. Mtoto ana mikono miwili. Nikajiambia ni upepo, nikainamisha kichwa nimalizwe kusukwa.

Hakukuwa na upepo.

Kesho yake, nataka kushuka ngazi, Agape akanishika kanga.

"Mama mdogo, Libérat anauliza utampa nini. Anasema analinda kuliko wewe."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli. Na nilikuwa na haraka. "Mwambie tukivuna, atakuja kulala nyumbani."

Akainama, akanong'ona kwenye upenyo wa miti. Akasikiliza. Akainua uso.

"Amekubali."

Tulivuna mwezi wa sita. Majirani walikuja na miundu yao, kukawa na vicheko, na kufika alasiri mpunga wote ulikuwa umelala chini. Watu wakatangulia na magunia. Mimi nilibaki kumteremsha Agape, ambaye alikuwa hataki kushuka.

"Mkeka wangu ni wa mtu mmoja," akaninong'oneza kutoka juu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumekubaliana. Mmoja aende, mmoja abaki alinde. Halafu tutabadilishana."

Nilikuwa na gunia kichwani na shingo inauma. "Hakuna cha kulinda tena. Shuka, usinichoshe." Nikageuka, nikaanza kutembea. Baada ya hatua chache nikasikia vinyayo nyuma yangu. Nikaridhika.

Sikugeuka kumtazama. Njia nzima sikugeuka.

Tulipofika niliingia ndani, nikatua gunia. Mlangoni nikasikia sauti ndogo.

"Hodi."

Mtoto hapigi hodi kwao. Alisimama nje ya kizingiti, miguu pamoja, anangoja. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Karibu, mgeni," akasema. "Karibu ndani."

Ndipo akaingia.

Usiku ule alikula sahani mbili. Asubuhi alimwamkia mama yake shikamoo kwa heshima kubwa, kama mtu aliyelala ugenini. Nilipomwogesha nikalitafuta kovu la pajani, alipomwagikiwa na uji wa moto mwaka uliotangulia. Sikuliona.

"Ngozi ya mtoto inapona," dada akasema.

Huenda. Nimesoma baadaye kwamba ni kweli, makovu ya utotoni hufifia. Nimelisoma hilo mara nyingi.

Nikamvizia akiwa peke yake. "Libérat yuko wapi?"

Akanitazama bila kupepesa. "Usiniulize, mama mdogo. Uliahidi."

Siku ya tatu makopo yakaanza kulia bondeni. Mzee Gaudensi, jirani yetu na mzee wa kanisa, akapita akitania. "Siméon, siku hizi mnalinda mabua?" Siméon akashuka kwenda kuangalia. Aliporudi hakutaka chakula. Alisema tu kwamba kamba zote zilikuwa zimekazwa, kama kuna anayezivuta.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kuzifungua. Jua kali, saa nne. Nikafika chini ya ngazi. Makopo yakanyamaza.

"Mama mdogo." Kutoka juu. Mnong'ono. "Zamu yangu imeisha?"

Sauti niliijua. Ngazi ilikuwa na vipago saba. Ningepanda, ningemwona, au ningeona kwamba hakuna mtu, na leo ningekuwa najua.

Nilikimbia.

Nyumbani nikasema yote: kushinda kwangu kwa Générose, Libérat, ahadi. Mzee Gaudensi akaitwa. Tulikaa uani, na mtoto katikati yetu anakula kiporo.

"Ibilisi anajua kuiga sauti," mzee akasema taratibu. "Hilo dungu lichomwe." Simlaumu. Alitaka tupate usingizi.

Dada akamgeukia mtoto. "Wewe ni nani?"

Mtoto akameza kwanza. "Mimi ni mtoto wako. Ulinikaribisha."

Dada alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akamrudia yeye. Nimeyafikiria macho yale miaka yote hii. Mbele yake alikuwa na mtoto mwenye uso wa mwanawe, mkono umejaa wali. Kwa upande wa pili kulikuwa na sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, mimi niliyekwisha kukiri kuwa ni mwongo. Kumkana aliyekaa pale kulimaanisha kumtoa nje, mtoto mdogo, mchana kweupe. Nani angeweza?

"Mwanangu ni huyu," akasema. "Lichomwe."

Siméon akachukua kiberiti. Akakigeuza mkononi, akakirudisha juu ya kigoda.

"Séverine," dada akaniita, bila kunitazama. "Wewe ndiye uliyeahidi."

Nikachukua kiberiti na chupa ya mafuta ya taa. Nilishuka bondeni peke yangu. Safari hii hakuna aliyeniita, hakuna kilicholia. Nikamwaga mafuta kwenye nguzo zote nne, na nilipoinama kwenye ngazi nikaona pale chini rundo dogo la maganda ya mpunga, la kujaa kiganja. Yalikuwa yamemenywa kwa kucha, punje mojamoja, kama anavyofanya mtu mwenye njaa asiye na kinu. Mengine yalikuwa bado na unyevu wa mate.

Niliyaona. Kisha nikawasha.