Dereva Aliyeikimbia Sanamu

Jamani, leo nina neno na wale wanaovaa sare za uokoaji. Lakini hata wewe usiye na sare vuta kiti, maana moyo ukitaka kusimama haumwulizi mtu anafanya kazi gani.

Asubuhi hiyo kituo cha gari la wagonjwa kilikuwa shwari. Chai ilikuwa mezani, redio ikiimba taratibu. Gari halikuwepo. Mkuu wa zamu alikuwa amelipeleka gereji yeye mwenyewe, akisema aliyeua breki haaminiki kuzizika, na simu zote za dharura zilikuwa zimeelekezwa kituo jirani, ambako waokoaji wengine walikuwa wamekwenda kusaidia. Muuaji wa breki hizo, dereva aliyeitwa Upepo, alikuwa ameinua miguu juu ya kiti cha pili, akimtazama kaka yake akichomelea bawaba za lango. Kaka huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha, akamlipia hata masomo ya udereva. Upepo alimpenda kuliko alivyojua kusema.

Sasa nisikilizeni. Kila Jumanne saa nne, mkuu wa zamu aliilaza sakafuni sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi ya kuamsha moyo uliosimama, na kila mtu alitakiwa kuibana kifua kwa dakika mbili. Upepo alikuwa na ufundi wake. Alitia sahihi daftarini, kisha akakumbuka ghafla kwamba tairi zinahitaji upepo.

“Dawa yangu ni huu mguu,” alipenda kujigamba. “Nikikanyaga mafuta, mgonjwa anafika hospitali kabla hajajua anaumwa nini!”

Wenzake walicheka, na kicheko chao kikamlea. Baadaye wawili wakaanza kumwiga. Hivyo ndivyo ugonjwa wa kituo kile ulivyoenea: daftari lilijaa sahihi, mikono ikabaki haijui kitu. Mtu pekee ambaye hakukosa hata Jumanne moja hakuwa na jina daftarini. Alikuwa mama wa usafi. Kazi yake ilikuwa kuipangusa sanamu kwa dawa baada ya mazoezi, na siku moja alimwuliza mkuu, “Naiogesha kila wiki kama mwanangu, na mimi nisijue kazi yake?” Tangu hapo akawa anapiga magoti na wengine, kanga kiunoni.

Turudi langoni. Mlio wa mashine ya kuchomelea ulikatika. Upepo akainua macho akamwona kaka yake amelala chali, mkono umegusa waya. Alitoka mbio.

“Usimguse!” Mama wa usafi, aliyekuwa akifagia ua, alikuwa ameshautupa ufagio. Akachomoa plagi ukutani, akarusha waya kando. “Haya, sasa!”

Upepo akamshika kaka yake kwapani. “Nambeba mgongoni! Nitapata gari barabarani, lolote lile!”

“Utabeba maiti. Mlaze chini!” Mama akamtikisa mgonjwa mabega. “Fundi! Fundi, unanisikia?” Hakujibu. Mama akainama akakitazama kifua. Fundi akavuta pumzi moja ya kukoroma, akanyamaza kwa muda mrefu.

“Anapumua!” Upepo akapaza sauti. “Mungu mkubwa, anakoroma tu!”

“Huko si kupumua, mwanangu. Moyo umesimama. Piga simu kituo jirani, halafu niletee mashine ya kushtua moyo.” Alikuwa ameshaanza kubana, akihesabu kwa sauti.

Upepo alipiga simu huku akikimbia. Stoo ilikuwa na makabati matatu. Akasimama katikati yake, hajui aanze na lipi.

“Kabati gani, mama?”

“La kijani! Nyuma ya mlango!”

Ndugu zangu, kwa miaka sita mtu huyu alikuwa akitundika koti lake kwenye kabati hilo hilo, na hakuwahi kulifungua.

Aliporudi na mashine, mama alikuwa anatweta. “Mikono inaniishia. Njoo ubane wewe.”

“Sijui, mama! Zile sahihi zangu... zote ni za uongo.”

“Ya sahihi tutaongea baadaye. Kiganja hapa, katikati ya kifua. Kingine juu yake. Nyoosha viwiko. Bana kwa nguvu na kwa kasi, kisha kiache kifua kirudi juu.”

Upepo akabana kwa woga.

“Unapapasa! Bana!”

“Nitamvunja mbavu!”

“Mbavu huunga. Bana!”

Akabana. Kitu kikalia chini ya viganja vyake, naye akalia pamoja nacho, lakini hakuacha. Mama akamfungua mgonjwa shati, akamkausha jasho kwa kitambaa safi, akabandika vibandiko viwili vya mashine kama alivyofundishwa. Mashine ikaamuru watu wajitenge. Wakajitenga. Mwili wa fundi ukashtuka, ukatulia.

“Rudi kifuani, usingoje!” Wakapokezana, dakika mbili huyu, dakika mbili yule. Mashine ikashtua mara ya pili. Upepo alikuwa amefika kumi na saba katika kuhesabu aliposikia kikohozi. Kisha mkono wenye makovu ya cheche ukainuka, ukamsukuma, kama mtu anayefukuza nzi.

“Kaka!”

Mama wa usafi akaegemea lango, akapiga vigelegele mpaka waokoaji wa kituo jirani, waliokuwa wakiingia, wakadhani wamefika kwenye harusi.

Siku ya kumi fundi alitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Daktari alimwambia Upepo bila kupamba: lau wangemkimbiza barabarani bila kumbana kifua, wangemfikisha amekwisha. Kaka mtu akamtazama mdogo wake kwa jicho la utani.

“Mbavu mbili, bwana mdogo. Nimekulea miaka yote hiyo, asante yako ndiyo hii?”

Upepo akataka kucheka, akaangua kilio. Akamkumbatia, kwa uangalifu.

Jumanne iliyofuata alisimama mbele ya wenzake wote, akamwomba mkuu daftari, akafuta sahihi zake moja baada ya nyingine. Hakuna aliyecheka. Mkuu akafungua ukurasa mpya, na jina la kwanza aliloandika, kwa herufi kubwa, lilikuwa la mama wa usafi. Chini yake aliandika: mwalimu. Kituo kizima kilisimama kikampigia makofi, na kwa mara ya kwanza Upepo akapiga magoti mbele ya sanamu, akauliza aanzie wapi.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kufika haraka ni jambo jema, lakini mbio peke yake hazimpi mtu uhai. Moyo ukisimama, dawa ya kwanza ni mikono ya aliye karibu. Kabla ya kumgusa mgonjwa, hakikisha hakuna hatari. Pumzi ya kukoroma inayokuja mara moja moja isikudanganye. Ita msaada, bana kifua, pokezana na mwenzako, wala usione haya kufundishwa na aliye chini yako kicheo. Anayetia sahihi ya mazoezi asiyoyafanya anadhani anamdanganya mkuu wake, kumbe anamdanganya mgonjwa ambaye bado hajaanguka, na huenda mgonjwa huyo akawa wa nyumbani kwake. Basi ukimaliza kusoma, nenda kazini kwako ukaulize sanamu iko wapi, kisha uishushe chini uanze kubana.