Bibi Asiyeitikia Shikamoo

Ilikuwa Jumanne, maji yamekupwa vizuri, jua halijawa kali. Mimi na wifi yangu Bimkubwa tulikuwa kwenye mwani wetu huku Juani, tunafunga vipando kwenye kamba na kuwasema watu, kama kawaida yetu. Fahima, binti yake, mtoto wa kaka yangu Kombo, alikuwa kamba ya tatu kutoka kwetu. Ana miaka kumi na saba na kicheko chake unakisikia mpaka ng'ambo. Siku ile alikuwa kimya. Nikamwona anainama, anashika tumbo, halafu anatapika majini.

"Tangu jana, shangazi," akaniambia. "Lilianzia kitovuni. Sasa limehamia huku." Akajigusa chini, upande wa kulia. Kidogo tu, akalia.

Bimkubwa wala hakushtuka. "Chango hicho. Kinataka mafuta ya moto na mkono wa kukikanda. Jioni atakuwa anacheza."

Mimi ndo niliyekataa. Nilimtazama anavyotoka majini, amejikunja kama kizee, kila mguu ukigusa chini anabana pumzi. Nikasema huyu haendi kukandwa, huyu anaenda hospitali. Kombo akatuvusha Ghuba ya Chole kwa mashua yake mpaka Utende, akabaki na chombo. Sisi tukapanda bajaji. Kila shimo la barabara Fahima aling'ata kanga.

Wodini tulipokewa na Nesi Hafidha, msichana mfupi, maneno mbiombio, mkono mwepesi. Akamlaza Fahima kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Akambonyeza tumbo polepole, polepole, halafu akaachia ghafla. Fahima hakulia alipobonyezwa. Alilia alipoachiwa.

"Kidole tumbo," nesi akasema. "Kimevimba. Atapasuliwa leo leo. Daktari yuko chumba cha upasuaji na mama mjamzito, akimaliza huyo anafuata huyu."

Akamtundikia dripu, akampima joto, akahesabu mapigo. Halafu akageuka.

"Hapa nani anajua kusoma?"

Bimkubwa akatazama sakafu. Mimi nikanyoosha mkono. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza! Nilijua kusoma mwaka juzi, kwenye kisomo cha watu wazima pale skuli kwetu, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile halafu akangoja jibu langu.

"Haya, profesa," Bimkubwa akaninong'oneza. "Kazi umeipata."

Nesi akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Nikaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mgonjwa asile. Asinywe, hata maji. Asipewe dawa ya kuharisha. Asikandwe tumbo, asiwekewe kitu cha moto. Akitetemeka, niite. Mstari wa mwisho ulikuwa mrefu, nikauacha kwanza.

Kitanda cha jirani alilala Bi Asmahani, mguu umefungwa plasta, mdomo haujafungwa. "Msimsikilize mtoto akililia maji," akatuambia. "Mimi nililia pilau siku mbili, hakuna aliyekufa."

Yapata saa nne akaingia bibi mmoja. Mzee sana, kavaa buibui la zamani lile la kufunga kichwani. Akapita katikati ya vitanda bila kumtazama mtu, akasimama miguuni kwa Fahima. Bimkubwa akanyanyuka mara moja, akampisha stuli.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Bado," akajibu.

Nikadhani hasikii vizuri. Wazee tena. Na sikumuuliza yeye nani. Mtu mzima amekuja kumtazama mgonjwa wako, utaanzaje kumuuliza wewe nani? Nikajua ni jamaa wa upande wa Bimkubwa. Alikaa, mikono mapajani, macho kwa Fahima tu. Alinukia mafuta ya nazi yaliyotoka jikoni sasa hivi. Mimi nikarudi kwenye karatasi yangu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka. Nikakaa kwenye ile stuli.

Nikainuka haraka. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa.

Saa tano nesi akaja kupima tena. Joto limepanda, mapigo yameongezeka. Akaandika, akakunja uso, akaenda kuchungulia kule kwa daktari. Fahima alikuwa anaguna mfululizo sasa, mguu wa kulia ameukunja, haukunjuki. "Maji, mama. Tone moja."

"Kijiko kimoja tu, wifi," Bimkubwa akanisihi.

"Imeandikwa hata maji."

"Moyo wako mgumu, Umi."

Nikalowanisha pamba nikampaka midomoni. Nilipomaliza, bibi alikuwa amekaa palepale, ameishika miguu ya Fahima kwa viganja vyote viwili, anaipapasa. Hatukumsikia kuingia.

"Shikamoo," Bimkubwa akamwamkia.

"Bado kidogo," bibi akasema.

Bimkubwa akanitazama. Mimi nikamtazama. Kila mmoja akamwonea mwenzake haya kuuliza.

Ikafika saa saba mchana. Saa ile kwetu watoto hukatazwa kucheza penye magofu kule Kua, kwa sababu jua likisimama utosini watembeao si watu peke yao. Bimkubwa alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Nesi alikuwa ndani anatayarisha vyombo. Bi Asmahani anakoroma. Mimi nikaegemeza kichwa kwenye chuma cha kitanda, nikimsikiliza Fahima anavyoguna. Usingizi ukanichukua.

Ukimya ndio ulioniamsha.

Fahima haguni.

Nikafumbua macho. Shuka ilikuwa inatembea. Chini yake mikono miwili. Inazunguka. Taratibu. Inatoka kitovuni, inashuka kulia, inabonyeza. Inatoka kitovuni, inashuka kulia. Bibi ameinama juu yake. Fahima macho wazi, anatabasamu, anatazama dari.

Nilitaka kupiga kelele. Nikashika karatasi, nikainyanyua kama ngao.

"Bibi," nikanong'ona. "Asikandwe. Imeandikwa."

Mikono ikasimama. Akageuka. Ndo mara ya kwanza kunitazama.

"Marahaba," akasema.

Mimi sikuwa nimemwamkia.

Mlango ukafunguka, Bimkubwa anarudi na mswala begani. Niligeuka mara moja tu kumtazama. Niliporudisha macho, stuli ilikuwa tupu, na Fahima ameshakaa kitako.

"Mama! Haliumi tena. Nina njaa."

Bimkubwa alipiga kigelegele mpaka Bi Asmahani akaamka akidhani kuna harusi. "Si niliwaambia ni chango! Kimetulia chenyewe! Kisu cha nini tena?" Akatoa chupa ya uji aliyoificha kwenye kikapu, anamimina huku machozi yanamtoka. Simu ikalia, Kombo kutoka Utende, Bimkubwa akampa habari. Nikamsikia mpaka nilipokaa: "Maji yanajaa, kama mtoto kapona njooni tuvuke nayo!"

"Tunakuja," Bimkubwa akamjibu. Akaanza kufunga nguo kwenye kanga.

Mimi nilikuwa nasoma. Ule mstari wa mwisho. Mrefu. Herufi zinaruka, nazifuata kwa kidole. Ma-u-mi-vu. Maumivu yakikatika ghafla. Ka-bla. Kabla hajapasuliwa. Msifurahi. Kimepasuka. Niite hapo hapo.

Kikombe kilikuwa kimeshafika midomoni kwa Fahima. Nikakipiga kofi. Uji ukamwagika ukutani.

"Umi! Umerukwa na akili?"

"Hajapona, wifi! Kimepasuka ndani! Imeandikwa hapa!"

"Karatasi inamjua mwanangu kuliko mimi niliyemzaa? Mtazame, anacheka! Kisomo chako cha juzi, leo unataka kunichinjia mtoto kwa herufi!" Akanishika mkono. Ana nguvu Bimkubwa, amebeba mwani miaka ishirini. Nikauvuta. Akaning'ang'ania. Nikamwachia kanga yangu mkononi, nikakimbia ukumbini na gauni tu, naita, "Nesi! Maumivu yamekatika! Nesi!"

Hafidha alitoka mbio. Sikuwa nimeona uso wa mtu unabadilika vile. Akaweka kiganja tumboni kwa Fahima, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Akamshika mkono, akahesabu, midomo ikachezacheza. Fahima naye akaanza kutetemeka, huku bado anatabasamu.

"Nani amemkanda?" nesi akauliza.

Mimi nikanyoosha kidole. Bimkubwa naye akanyoosha. Tukasema kwa pamoja:

"Bibi wa upande wao."

Mimi nimemwelekezea Bimkubwa. Bimkubwa amenielekezea mimi.

"Bibi gani?" Bi Asmahani akauliza kutoka kitandani kwake. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Hapa hajaingia bibi. Tangu asubuhi nawaona mnaamkia stuli. Nikadhani ndo adabu za Juani."

Kitanda kilishaanza kusukumwa.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na wifi yangu. Baadaye akanirudishia kanga, akanifunika mabegani mwenyewe, akabaki ameshika pindo. Mlango ulifunguliwa mara moja, Nesi Hafidha akatoa kichwa. "Mlimpaka mafuta gani?" akanong'ona. "Tumemwosha mara tatu kwa sabuni. Dawa haishiki. Inateleza." Akafunga bila kungoja jibu.

Alasiri daktari akatoka, kanzu imelowa jasho. Kilikuwa kimepasuka kweli, usaha umeanza kuenea. Wamesafisha. Akasema tungevuka naye kwa ile mashua, tusingefika naye hai. Bimkubwa akaanguka miguuni kwangu. Nikamwinua. Sikutaka kumwona pale.

Basi tukaanza kumuuguza. Nesi alitufundisha: tumgeuze ubavu, tumkalishe, akikohoa abane mto tumboni. Siku ya pili atembee hata kama analia. Sindano za usaha kila baada ya saa kadhaa. Na kila asubuhi swali moja, mbele ya wodi nzima: "Ametoa upepo?" Asipotoa upepo hali chakula. Siku Fahima alipojamba, Bi Asmahani alipiga makofi, na Bimkubwa akasema alhamdulillahi kwa sauti kama kaambiwa kazaliwa mjukuu. Tulicheka mpaka Fahima akatuomba tuache, nyuzi zinavuta.

Kila siku Nesi Hafidha alikisafisha kidonda mbele yetu, na mimi nilikitazama vizuri. Nyuzi tisa, nyeusi, zimepangana kama mafundo ya mwani kwenye kamba. Bibi hakurudi. Hata hivyo hakuna aliyekaa kwenye ile stuli.

Siku ya kumi na moja nesi akaja na trei, mkasi na kikoleo kidogo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, dirisha wazi, jua limeingia mpaka kitandani. Akakata wa kwanza. Tukahesabu naye kwa sauti, mimi na Bimkubwa, kama watoto. Saba. Nane. Tisa.

"Tayari," Bimkubwa akasema.

Nesi hakuweka mkasi chini.

"Kuna mwingine."

Ulikuwa mwisho wa kidonda. Jana haukuwepo, naapa. Haukuwa mweusi. Mweupe, mwembamba, unang'aa. Umeingia kwenye nyama na kutokea upande wa pili, umefungwa fundo dogo ambalo nesi alisema yeye hajafundishwa. Akaligusa na kikoleo.

Fahima akamshika mkono.

"Huo uache," akanong'ona. "Huo kafunga bibi."

Hafidha akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Nikaitikia kwa kichwa: kata. Akakata, akavuta. Ukaja. Ukaendelea kuja. Urefu wa shibiri. Urefu wa mkono. Ulikuwa unywele, una mafuta, na ulipotoka wote ulikuwa bado wa moto. Fahima hakulia. Alitazama mlangoni, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho.

Alipona. Leo yuko kwenye mwani, anacheka, anasikika ng'ambo. Karatasi ya ruhusa ninayo mimi, nimeihifadhi kwenye bahasha ndani ya msahafu. Imeandikwa Kiingereza, sikijui. Lakini tarakimu nazijua, na Nesi Hafidha alinionyesha mstari upi ni wa nini. Juu, mwandiko wa daktari, nyuzi zilizowekwa: 9. Chini yake, mwandiko wake yeye, nyuzi zilizotolewa: 10. Hakuifuta. Alisema yeye huandika anachokiona.

Bimkubwa huja jioni baada ya magharibi, huketi ubarazani kwangu. "Nisomee," huniambia.

Namsomea.

"Tena, wifi."

Namsomea tena. Tisa. Kumi.