Vidonge vya Mueni Nilivyovificha

Nina miaka arobaini na mitatu, nahudumia wazee hapa Birmingham. Mueni ni mdogo wangu. Mama alipofariki nilimlea mimi, na mimi ndiye niliyemleta huku kusoma.

Mwaka jana alikwenda likizo nyumbani, akarudi na mimba. Mumewe alikuwa Machakos akingoja viza, basi Mueni akakaa kwangu mtaa wa Lozells. Wiki ya saba akaanza kutapika... Hata maji hayakukaa tumboni! Jirani akikaanga vitunguu tu, yeye yuko juu ya beseni.

Daktari akampa vidonge vya kuzuia kutapika. Siku ya tatu alikunywa uji, akaanza kutaja majina ya watoto.

Nami nikafanya nini? Nikavificha.

Niliwahi kusikia kwamba zamani dawa ya kichefuchefu ililemaza watoto tumboni. Sikumuuliza daktari, wala mfamasia. Nilimwambia Mueni vimekwisha na daktari amekataa kuongeza. Aliniamini. Si mimi ninayewapa wazee dawa kila asubuhi? Nikampa tangawizi na maombi.

Wiki tatu! Midomo ikapasuka, macho yakadidimia, chooni nikawa namshika. Nilimwambia avumilie, wanawake wote wamepitia hayo.

Siku moja nikiwa kazini, aliita teksi akaenda hospitali, akaomba mimba itolewe. Walimwambia ziko dawa nyingine za kujaribu. Hakuamini tena ahadi ya dawa yoyote... alitaka tu kutapika kuishe. Wakaitoa.

Juma lililofuata alikuwa akitafuta taulo kabatini mwangu. Akaviona, pakiti karibu nzima, yenye jina lake.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Dada, ulikuwa navyo?"

Nikamwambia nilikuwa namlinda mtoto.

"Mtoto yupi?"

Akaanza kufungasha nguo zake.

Alihamia kwa rafiki yake, mtaa wa Kings Heath. Nimekwenda mara nne. Rafiki hufungua mlango akasema hayupo, nami naona viatu vyake pale ukumbini. Mumewe hapokei simu zangu. Kanisani wakiniuliza habari zake, nasema masomo yamembana... bado nadanganya!

Wasomaji wenzangu, ukiiogopa dawa, muulize aliyeiandika. Usimwamulie mgonjwa kwa maneno uliyoyaokota njiani, hata kama ulimlea wewe. Mimi nimeshachelewa, na sidhani Mueni atarudi. Lakini kama wewe umemfichia mtu dawa yake, inuka sasa hivi, umrudishie.