Kipimajoto cha Mzee Komora

"Mwanasiti, samaki naye hushikwa na homa?"

Aliyeuliza alikuwa Bi Dahabo, jirani yao hapo Garsen, aliyekuja na kibuyu chake cha maziwa kama kila asubuhi. Alimkuta Mwanasiti amepiga magoti barazani, amechovya kipimajoto ndani ya sanduku la kioo lililojaa maji.

"Si homa, Bi Dahabo. Maji yakizidi joto, wanakosa pumzi."

"Basi na mimi nitawapimia ng'ombe wangu mto kabla hawajanywa," alisema Dahabo, akacheka mpaka maziwa yakamwagika kidogo. "Haya, lete sufuria."

Mwanasiti hakuudhika. Watu walikuwa wakicheka tangu mjomba wake Uledi, dresa wa zahanati, msaidizi wa tabibu, alipoleta samaki thelathini kutoka pwani ndani ya debe. Walikuwa wadogo kuliko kidole cha mtoto, hawafai hata kwa mchuzi. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Birika la msikiti, pale watu walipochukulia udhu, lilikuwa limejaa viluwiluwi, na mwaka ule wa 1956, hata kabla ya masika, homa ilikuwa imelaza watoto wengi. Wawili walikwishazikwa. Mjomba Uledi alitaka samaki wale wazaane kwanza nyumbani kwa dada yake, ndipo watiwe birikani.

"Maji yasipite digrii themanini na sita za Farenhaiti," alimwagiza Mwanasiti. "Yakipita, tia maji ya mtungini na ushushe mkeka pawe na kivuli. Mama yako hajui namba. Wewe uko darasa la nne, kazi hii ni yako."

Taabu ilikuwa moja. Vipimajoto vilikuwa viwili, na havikupatana. Kimoja kilikuwa kipya cha dukani, uso wake wa shaba unang'aa. Cha pili kilikuwa cha kuazima, kimefungwa juu ya ubao mwembamba uliopasuka, ncha yake ikichomoza chini. Mwenyewe alikuwa Mzee Komora, ambaye kwa miaka mingi alipima mvua na joto pale boma la serikali. Ukivitia vyote katika maji yale yale, kipya kinasema themanini na mbili, cha Mzee Komora kinasema themanini na sita.

Mjomba Uledi alikuwa anaondoka kwenda Kau kuchanja watu, na kipimajoto cha zahanati alisafiri nacho. Mtumbwi ukimngoja, alimweleza Mwanasiti la kufanya.

"Mungu ametupa kipimo miilini mwetu. Mtu asiye mgonjwa, kwapani hupata tisini na nane au karibu na hapo. Kesho ukiamka, kabla ya kazi, kabla ya jua, kibane kimoja, hesabu mpaka mia tatu, usome. Halafu cha pili. Kitakachokwambia tisini na nane ndicho cha kutumia."

Asubuhi yake Mwanasiti aliamka viungo vinamuuma. Mgongo ulikuwa baridi na uso unawaka. Alijua ni nini. Mwaka uliopita alikunywa kwinini siku saba, kinywa kikawa kichungu na masikio yakapiga kelele mchana kutwa. Akisema, atalazwa. Na akilazwa, nani atawasomea samaki namba? Hivyo ndivyo alivyojiambia, ingawa moyoni alikuwa akiwaza kwinini zaidi kuliko samaki.

"Mbona macho yako mekundu?" mama yake aliuliza. "U mzima?"

"Mzima, mama. Ni moshi wa jikoni."

Akabana vipimajoto. Cha dukani kilisema tisini na nane kamili. Cha Mzee Komora kilisema mia na mbili. Akarudia, ikawa vile vile.

Alikirudisha kwa mwenyewe siku ile ile. Mzee Komora alikuwa ukumbini kwake anashona wavu, na wavulana wawili wakimshikia uzi.

"Mzee, kipimajoto chako kinazidisha digrii nne."

Mzee Komora alikigeuza mkononi. "Miaka kumi na mmoja nimekisoma hiki, jua na mvua. Umepima vipi?"

"Kwapani, mara mbili."

"Na ulikuwa mzima, mwanangu?"

Mwanasiti alitazama wavu. "Ndiyo, mzee."

Mzee hakubisha. Alikitundika ukutani. Lakini wale wavulana walikuwa na masikio, na kabla ya adhuhuri mchezo mpya ulikuwa umeingia kijijini. "Mzee Komora, leo joto ngapi? Mia tano?" Walimwuliza njiani, walimwuliza mtoni. Mzee aliharakisha hatua, na siku zilizofuata hakuonekana tena barazani pa watu.

Homa ya Mwanasiti ilikuwa ya kuja na kwenda. Ikija, alijikunja nyuma ya jiko. Ikiondoka, alirudi kwa samaki wake akisema kimoyomoyo kwamba imekwisha.

Siku ya tano jua lilikuwa kali. Samaki walikuja juu, midomo wazi. Mwanasiti alisoma kipimajoto cha dukani, akakuta themanini na tano, akaushika uzi wa mkeka, kisha akauacha. Namba ilisema ni salama. Alasiri alipotoka kujilaza alikuta wamegeuka matumbo juu, mmoja, wanne, kumi na mmoja.

Mama yake alitia mkono majini. "Mwanangu, maji haya ni ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mimi sijui namba, lakini mkono ninao."

Wakashusha mkeka, wakatia maji ya mtungini kidogo kidogo. Jua halijazama, Mjomba Uledi akatokea njia ya mtoni na sanduku lake. Aliwatazama samaki waliokufa, halafu akamtazama mpwa wake, akamgusa shingo. Alitoa kipimajoto cha zahanati, akampima.

"Mia na tatu," alisema. Akachukua kile cha dukani, akampa dada yake akibane kwapani, akahesabu. "Tisini na nne. Kwa hiki, dada, wewe ni maiti wa kusomewa Yasini."

Mama alitaka kucheka, akamwona mtoto, akaacha.

"Siku ile uliyopima," Mjomba alisema, "ulikuwa mzima?"

Mwanasiti alitikisa kichwa. Akaeleza yote, hata moshi wa jikoni na mzaha wa wavulana.

Mjomba alimpa kwinini, naye akaimeza bila kukunja uso. Ndipo alipoketi karibu naye.

"Cha Mzee Komora kilikwambia kweli, ukakiita kiongo kwa sababu ulitaka uwe mzima. Anayepima vitu vya watu huanza kwa kusema kweli ya nafsi yake. Na homa ukiificha haiondoki. Mbu anayekuuma wewe leo, kesho yuko kwa mtoto wa Dahabo. Samaki kumi na tisa wamebaki, watazaa, inshallah. Lakini yule mzee hajaonekana barazani siku ngapi?"

Mwanasiti alihesabu kwa vidole.

Homa ilipomwachia, siku ya nne, alijifunga leso akaenda kwa Mzee Komora. Wale wavulana walikuwapo, na uzi wao mikononi. Angeweza kungoja waondoke. Hakungoja.

"Mzee, nilikudanganya," alisema kwa sauti ya kusikika. "Siku ile nilikuwa na homa. Mia na mbili ilikuwa yangu mimi, si makosa ya kipimajoto chako. Cha dukani ndicho kibovu. Samaki kumi na mmoja wamekufa kwa sababu yangu. Nakuomba radhi."

Mvulana mmoja alianza kucheka, mwenziwe akamkanyaga mguu.

Mzee Komora alifunga fundo alilokuwa akilishona, akakata uzi kwa meno. "Hao waliobaki, maji yao yako digrii ngapi sasa hivi?"

"Hatujui, mzee. Mama anatia mkono tu."

Mzee aliinuka. Alikitungua kipimajoto ukutani, akaupangusa ule ubao uliopasuka kwa upindo wa shuka yake, akavaa kofia. Kisha akatoka, akishika njia ya kwao Mwanasiti.