Waya Uliokuwa Ukining'inia

Kila Ijumaa, Shaza akirudi kutoka shuleni, kazi yake ilikuwa kufagia nyumba nzima huku mama yake, Bi Sheikha, akishughulika jikoni na mbaazi za nazi. Nyumba yao ya Kisauni haikuwa kubwa, lakini vumbi lake, Mungu ndiye ajuaye lilikotoka. Shaza alifagia ukumbi, akafagia chumba cha mama, na mwisho akaingia chumba cha dada yake Fairuz, chumba alichokiogopa kuliko vyote.

Si kwamba kulikuwa na nyoka. Kulikuwa na meza. Juu yake Fairuz alipanga kompyuta mbili kuukuu, ruta moja ya kuelekeza ujumbe wa mtandao, na kisanduku cheusi chenye matundu manane na taa ndogo ndogo, ambacho mafundi hukiita swichi. Nyaya za buluu zilitoka huku zikaingia kule, kama tambi zilizomwagwa. Huo ulikuwa mtandao mdogo wa kujifunzia. Fairuz alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa cheti cha ufundi wa mitandao, na kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Kipevu, ilikuwa imemwahidi kazi akipita. Mtihani wenyewe ulikuwa kesho yake asubuhi.

Fairuz na mwenzake Phineas, kijana wa bara aliyepanga chumba Bamburi, walikuwa na mchezo wao wa mazoezi. Mmoja hutoka nje, mwingine huuharibu mtandao kwa siri. Kisha aliyetoka huingia kutafuta hitilafu. Aliyeharibu hasemi ameharibu nini, ila akiulizwa, "Umegusa ruta?" au "Umegusa waya?" ni lazima ajibu kweli. Shaza aliwatazama mara nyingi akiwa mlangoni, akaijua sheria hiyo vizuri. Aliijua pia sheria yake mwenyewe: asiguse kitu.

Siku hiyo Fairuz alikuwa bafuni. Shaza akifagia, ufagio ukaigonga meza. Akainama kutazama nyuma yake. Ncha ya waya mmoja ilikuwa ikining'inia.

"Yarabi! Nimeuchomoa!" akanong'ona.

Hakumwita mtu, wala hakungoja dada yake atoke. Aliushika ule waya, akapapasa mpaka akapata tundu tupu kwenye swichi, akauchomeka. Kisha akatoka mbio na ufagio wake.

Baada ya alasiri Fairuz akaketi mezani kufanya zoezi lake la mwisho. Haukupita muda mrefu, sauti yake ikasikika.

"Shaza!"

"Abee, dada!"

"Hebu njoo."

Shaza alikwenda. Taa zote za swichi zilikuwa zikiwaka na kuzimika kwa pamoja, harakaharaka, bila kupumzika. Kompyuta mbili hazikuwasiliana kabisa.

"Umegusa nyaya hizi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Lakini Shaza aliyatazama macho ya dada yake, mekundu kwa kusoma, akaogopa. Ulimi ukamtangulia.

"La, dada. Nimefagia tu."

"Haya, mpenzi wangu. Nenda kamsaidie mama."

Neno lile "mpenzi wangu" lilimchoma kuliko kofi.

Jikoni alipewa nazi akune. Akakaa juu ya mbuzi, akakuna, masikio yote yako chumbani. Alimsikia Fairuz akibofya, akiguna, akibofya tena. Je, nikisema sasa? alijiuliza. Atanigombeza mara mbili, kwa kugusa na kwa kusema uongo. Akanyamaza, na kila alivyozidi kunyamaza ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

"We Shaza, wakuna nazi ama wakuna kifuu?" mama akauliza. "Tui litakuwa jeusi hilo!"

Kabla hajajibu, Fairuz alitokea mlangoni. Uso ulikuwa umemsawijika, simu mkononi.

"Mama, nimefuta mipangilio yote ya ruta nianze upya, na bado. Kama hakuna aliyegusa, basi kosa ni langu, na silioni. Kitu kidogo hivi kinanishinda, huo mtihani nitauweza?" Akampigia Phineas, sauti ikitoka kwenye spika. "Phineas, kesho usije kunisindikiza. Siendi."

"Aki Fairuz, usiseme hivyo! Kwani nani ameshika hizo vitu?"

"Hakuna. Nimemuuliza Shaza, na Shaza hanidanganyi."

Kipande cha nazi kilimponyoka Shaza, kikaanguka chini. Mpaka hapo alikuwa akiogopa kugombezwa. Sasa aliogopa jambo kubwa zaidi: dada yake alikuwa akiacha mtihani kwa sababu ya neno lake moja.

"Dada," alisema, machozi yakimbubujika, "wallahi nimekudanganya. Nimegusa. Waya mmoja ulichomoka nilipofagia, nikaurudisha."

Fairuz alimshika mkono wakaenda chumbani, akainama nyuma ya meza na kuufuata ule waya kwa vidole. Ncha moja ilikuwa ndani ya swichi. Ncha ya pili nayo ilikuwa ndani ya swichi ile ile.

"Unaona?" alisema polepole. "Ujumbe unatoka hapa, unarudi hapa, unatoka tena. Unazunguka na kuongezeka mpaka njia zote zinaziba." Akauchomoa. Zile taa zikatulia. "Na waya huu hukuuchomoa wewe. Niliuacha mwenyewe ukining'inia, kwa zoezi la leo, kisha nikausahau."

Shaza alimtazama dada yake, kisha ule waya. Kumbe alichokuwa akikiogopa hakikuwa kimetokea.

Fairuz alivuta kiti, akaanza kuandika upya mipangilio aliyoifuta. Kabla ya adhana ya magharibi kompyuta zilikuwa zikiwasiliana, na Fairuz mwenyewe alizitazama kwa mshangao.

"Kumbe ninajua," akasema.

Kisha akamgeukia mdogo wake. "Sikiza, Shaza. Waya haukunitisha, kuharibika ni kazi yake, na kutengeneza ni kazi yangu. Ungesema umegusa, ningetafuta mahali pamoja tu. Uliposema hukugusa, nilitafuta kila mahali, mwisho nikajitilia shaka mwenyewe. Ukikosea, sema mapema. Kosa lililosemwa hurekebishwa. Lililofichwa humpoteza hata asiyekosa."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini tui jeusi utalila wewe."

Jumamosi Shaza alishinda dirishani akimngoja dada yake. Saa saba mlango ukafunguliwa. Fairuz akavua viatu, akaketi, ndipo akatabasamu. "Nimepita." Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Phineas kujiandaa. Fairuz alimpa Shaza kazi ya kuuharibu mtandao. Phineas akaingia, akajikuna kichwa, akaanza, "Shaza, umegusa..."

"Ndiyo!"

"Si uniache nimalize swali!"

"Mwache," Fairuz akacheka. "Huyu siku hizi hampotezei fundi wakati."