Jina la Baba Ukutani

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka askari, fundi cherehani alipiga pasi nguo za watoto, kisha wakaongozana na ndugu wa mumewe hadi kwenye mnara wa mashujaa. Na kila mwaka alirudi nyumbani na donge rohoni.

Jina la baba mkwe wake lilichongwa kwenye ukuta wa mnara. Wifi yake ndiye aliyeweka maua, akapigwa picha. Fundi alishika mikoba.

"Wifi, nishikie na miwani," alisema wifi mwaka ule. "Nisije nikatoka kama bundi kwenye picha."

"Mimi ni msumari wa kutundikia vitu? Hata mimi nilikuwa na baba. Alipigana vita hivyohivyo."

"Sasa jina lake liko wapi?"

"Halimo. Ukuta huu ni wa waliofia vitani tu." Baba yake fundi alirudi kutoka vitani na risasi kifuani. Alikohoa miaka miwili, akafia kitandani. Kwao wote waliamini kwamba wa namna hiyo haandikwi.

Mama mtunza mnara, aliyekuwa akifagia karibu nao, aliweka ufagio chini, akafuta benchi kwa kanga yake.

"Kaa, mwanangu. Nani kakwambia hivyo?"

"Watu."

"Watu hawasomi tangazo la pale mlangoni. Aliyekufa kwa jeraha la vita, hata nyumbani kwake, anaandikwa. Nenda ofisi ya kumbukumbu. Peleka cheti cha kifo kinachotaja jeraha, na namba yake ya jeshi."

"Cheti mama anacho. Lakini kadi ya jeshi tulimzika nayo. Tuliona ndiyo heshima."

"Na koti lake la jeshi? Namba hushonwa ndani ya ukosi."

Fundi alishika kichwa. "Nimelifanya mfuniko wa cherehani."

Wifi aliangua kicheko. Kisha akamwona fundi machozi yanamlenga, akaacha.

"Ukosi uliutupa?" aliuliza wifi.

"Fundi hatupi kitambaa. Niliukunjia ndani."

"Basi twende tukaufumue," alisema wifi, akachukua mikoba yote yeye mwenyewe.

Jioni ile walifumua mshono. Namba ilikuwepo, imefifia lakini inasomeka. Jumatatu wifi alipanga foleni ofisini tangu alfajiri, ili fundi amalize kwanza nguo za wateja.

Mwaka uliofuata jina lilichongwa. Majina mapya huwekwa chini kabisa. Mama yake fundi, mgongo umepinda, alilifikia bila shida. Alipitisha kidole herufi moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza.

Wifi alitazama jina la baba yake. Lilikuwa juu mno, kwenye mstari wa kwanza. Hakuwahi kuligusa hata siku moja.

"Wenzetu mna raha," alisema polepole. "Wenu anashikika."

Fundi aliijua sauti ile ya kijicho. Ilikuwa yake mwenyewe, ya miaka yote. Mama yake alisogea pembeni, akaacha nafasi mbele ya ukuta.

"Njoo umshike, mwanangu," alimwambia wifi. "Mume wangu hakuwa na choyo."